Msijenge, Mtajuta

Iringa mjini kuna watu wanaofanya kazi, kuna watu wanaotafuta kazi, halafu kuna Jailos. Jailos alikuwa mwenyekiti. Usiniulize mwenyekiti wa nini, kwa sababu hata yeye ilikuwa inategemea siku. Choo cha soko kilipoziba, aliunda kamati ya choo. Nguzo ya umeme ilipoanguka Mlandege, aliunda kamati ya nguzo, akapita nyumba kwa nyumba na daftari na uso wa msiba. Nguzo ikainuliwa na wenye umeme wao bila hata kumjua, na michango haikuonekana tena. Ukimuuliza anakwambia, "Kamati bado inakaa." Inakaa kweli. Inakaa mfukoni.

Basi asubuhi moja ya baridi, Jailos yuko kijiweni Mlandege na kikombe cha kahawa cha kukopa, akasikia watu wanataka kupigana.

"Ghorofa saba!" mmoja anapiga kelele. "Ghorofa saba ubavuni mwa Gangilonga! Si laana hiyo?"

"Laana ni njaa, bwana," mwenzake anamjibu. "Ijengwe, vijana wapate ajira."

Gangilonga ni lile jiwe kubwa lililokaa juu ya mji, na kwa Kihehe jina lake maana yake ni jiwe linaloongea. Wazee wanasema zamani lilikuwa linawaonya watu adui akija. Siku hizi halisemi kitu. Ukiwaona wanaolipanda Jumapili kupiga picha wakiwa wamebinua midomo, utaelewa kwa nini limeamua kunyamaza.

Na huyo wa ghorofa saba alikuwa nani? Mzee Limbu, Msukuma wa Usangu, mfugaji mwenye kofia pana, ndala za matairi na simu mbili. Alikuja mjini wiki moja kabla, akaenda kwenye jiwe, akatembea hatua mia hivi, akatembea hatua mia vile, akatikisa kichwa. Kisha akaenda kunyoa ndevu, na akamwambia kinyozi, kwa siri kabisa, kwamba anataka kujenga hoteli. Kumwambia kinyozi wa Iringa neno la siri ni kulipakia kwenye basi. Jioni hiyohiyo wauza vitunguu wa Ilula walikuwa wanaulizana kama hoteli hiyo itanunua vitunguu vyao au itaagiza kwingine.

Mji ukagawanyika. Waliopinga walisema jiwe ni roho ya mji, na wengi wao hawajalipanda tangu wakiwa darasa la nne. Waliounga mkono walishajiajiri tayari: huyu meneja, yule mpishi mkuu, na mmoja asiyewahi kuona lifti akawa msimamizi wa lifti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana. Mimi nimeishi na watu hawa muda mrefu, na nawaambieni, mtu wa mjini ukimpa hoja ya kubishania hatakuuliza umeitoa wapi.

Jailos hakusikia ubishi. Alisikia makundi mawili ya watu walio tayari kutoa. Akaweka kikombe chini taratibu.

Sasa mnisikilize hapa, kwa sababu tapeli naye ana moyo. Jailos alikuwa anataka kuoa. Alimtaka Apolonia, mjane mwenye meza ya mitumba sokoni, mwanamke asiyecheka ovyo. Alipomposa, Apolonia alikunja blauzi aliyokuwa nayo mkononi, akaiweka, akasema, "Jailos, nionyeshe kitu chako kimoja cha halali. Kimoja tu. Nikikiona, nakubali."

Jailos alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akakumbuka: miti ya mama. Marehemu mama yake alimwachia ekari mbili za paini kule Igowole. Aliipanda kwa jembe lake mwenyewe mwaka ule Jailos alipomaliza darasa la saba, na sasa ilikuwa imefikia kuvunwa. Katika maisha yake yote, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakukipata kwa mdomo. Akamuahidi Apolonia kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi atampeleka akaione, na mbao za nyumba yao zitatoka humo. Apolonia akasema sawa. Na siku hiyo, mashahidi wapo, alicheka.

Turudi kwenye utapeli.

Kwanza Jailos alikwenda kwa Othmani, mwenye nyumba ya wageni kule Miyomboni, nyumba yenye vyumba kumi na godoro moja zuri ambalo huonyeshwa kila mgeni kabla hajapelekwa kwenye chumba chake. Othmani alikuwa anaongoza wapinzani wa ghorofa. Alikuwa analia na urithi wa mababu, wakati mababu zake mwenyewe walipanda kutoka pwani na mizigo ya chumvi.

"Shekhe," Jailos alisema, "urithi hauokolewi kwa kelele. Nimeunda Kamati ya Kulinda Jiwe."

"Itafanya nini hiyo kamati?"

"Itaitisha mkutano wa hadhara pale pale juu, mtendaji awepo, Limbu awepo. Halafu jiwe lenyewe litasema."

Othmani alimtazama. "Jailos, jiwe litasemaje?"

"Wewe unataka liseme?"

"Likatae!"

"Basi litakataa. Kuna mambo ya mila yanatakiwa, siwezi kuyataja. Lakini wewe una mabati pale uani, yamebaki ulipoezeka."

Othmani alikohoa, akasema mabati yale ni ya thamani, akasema dini hairuhusu mambo hayo, akasema atafikiri. Saa hiyohiyo vijana wake wanne wenye vifua walibeba mabati arobaini mpaka uani kwa Apolonia. Apolonia aliyatazama akauliza yametoka wapi. Jailos akamwambia ni mchango wa wapenda urithi.

Kesho yake akamfuata Limbu. Alimkuta amekaa nje ya mgahawa, anakula viazi vya kuchemsha na kutazama magari, mtulivu, mshamba aliyetulia. Hivyo ndivyo Jailos alivyomwona. Mtu wa mjini akiona ndala za matairi huwa haangalii juu zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Kaa ule kiazi."

"Mzee, mji huu utakusumbua. Watu hawataki hoteli yako. Lakini mimi nina dawa. Jiwe lile likisema ujenge, nani atabisha?"

Limbu aliacha kutafuna. "Linasema kweli?"

"Likiulizwa na mtu anayelijua."

"Gete? Kweli kweli?"

"Gete kabisa, mzee."

Mzee akatoa simu moja, akamwonyesha picha za ng'ombe weupe wenye nundu wanakunywa maji bondeni Usangu. "Hawa ishirini," akasema. "Likisema nijenge, ni wako. Lakini sisi wafugaji, baba, neno bila rehani tunaliita upepo. Wewe utaweka nini?"

Jailos alipapasa mifuko kana kwamba ana vitu vya kuchagua. Akilini zilikuja paini za Igowole. Akajiambia: jiwe ni langu, sauti ni yangu, mkutano ni wangu. Nitashindwaje? Tena mti una mizizi, hauendi popote. Ng'ombe ishirini na mabati arobaini! Apolonia alitaka kuona kitu kimoja, ataona kijiji kizima.

"Nina miti Igowole. Karatasi yake ya serikali ya kijiji ninayo."

"Basi andika wewe, baba. Mimi shule yangu ilikuwa nyuma ya ng'ombe."

Akaandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa uenyekiti: *Jiwe likisema Limbu ajenge, ng'ombe ishirini ni wa Jailos. Jiwe likisema asijenge, miti ya Igowole ni ya Limbu.* Akatia sahihi, akakabidhi na karatasi ya kijiji. Limbu akaweka dole gumba, akalifuta kwa uangalifu mkubwa kwenye kitambaa.

"Na litasemaje hasa?" akauliza. "Nisije nikashindwa kuelewa."

Hapo Jailos alishindwa kujizuia, maana sentensi ile ilikuwa imemgharimu usingizi na alikuwa anaionea fahari. "Litasema: *Msijenge, mtajuta.* Yaani, thubutuni kutojenga, muone! Kama mama anavyomwambia mtoto, 'Usile, utaniona.' Si anataka ale?"

"Eee," Limbu akasema polepole. "Kiswahili kipana gete."

Mmeiona akili hiyo? Othmani aliambiwa sentensi ileile, yeye akaielewa kama anavyoielewa mtu yeyote mwenye hofu: msijenge, kwa sababu mkijenga mtajuta. Sentensi moja, mabwana wawili, na kila mmoja aende nyumbani ameridhika. Wataalamu wa lugha wanasoma miaka mitatu chuoni na hawajawahi kupata mabati kwa nukta wala mkato.

Kilichobaki ni sauti. Jailos alimpata Isaka, mwimba besi wa kwaya, mtu akisema "amina" madirisha yanatikisika. Isaka alitaka koti la sufu la Jailos, na kwa baridi ya Iringa hilo si jambo dogo. Jailos akalivua. Wakapanda juu, wakatafuta ufa nyuma ya jiwe wa kumtosha mtu mnene, wakafanya mazoezi.

"Uanze na salamu," Jailos akamfundisha. "Jiwe lina adabu."

Jumamosi saa nne, nusu ya mji ilikuwa juu ya kilima. Upepo unapuliza, mtendaji ana kipaza sauti kinachopiga miluzi, Bibi Paskalina anauza vitumbua akiwa amejifunga khanga mbili na sweta la marehemu mume wake. Apolonia alikuwepo, amefunga meza yake siku hiyo ili amwone mchumba wake akiongoza. Othmani amekaa mbele kabisa, na nyuma yake wale vijana wanne wa mabati. Limbu amesimama pembeni, kofia mkononi.

Mwalimu mstaafu alipewa dakika tatu akatumia ishirini, akafika mpaka Berlin na hakurudi. Kijana mmoja akadai ajira. Akaulizwa ajira gani, akasema yoyote isiyo ya kuamka mapema. Walipoanza kushikana mashati, Jailos akanyanyua mikono.

"Ndugu wananchi! Sisi sote hapa ni wageni. Kwa nini tusimuulize mwenye mahali?" Akaligeukia jiwe, akapiga goti moja. "Ewe Gangilonga! Watu hawa wajenge, au wasijenge?"

Upepo. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Kisha kutoka tumboni mwa jiwe likaja vumo zito la kutetemesha kifua:

"Kamweneee!"

"Kamwene!" umati mzima ukaitikia. Watu wa Iringa wanaweza kukunyima maji, salamu hawakunyimi.

"Msijenge, mtajuta!" likasema jiwe. Halafu likakohoa kidogo.

Upande wa kushoto ukalipuka kwa vigelegele. Upande wa kulia ukalipuka kwa vigelegele. Ikachukua muda kidogo kila upande kugundua kwamba na wenzao wanashangilia, wakaacha, wakatazamana.

"Nyie mnashangilia nini? Limesema tusijenge!"

"Limesema tusipojenga tutajuta, hamna masikio?"

"Jamani, sarufi! Sarufi!" mwalimu mstaafu akapiga kelele, na hakuna aliyemsikiliza, kama siku zote za utumishi wake.

"Mimi kinachonishangaza," Bibi Paskalina akasema akigeuza sinia lake, "jiwe letu Kiswahili limejifunzia wapi? Mimi hapa hicho Kiswahili chenyewe bado kinanipiga chenga."

Jailos alikuwa anatabasamu, anarudi nyuma hatua kwa hatua. Ilikuwa inakwenda kama alivyopanga: wabishane mpaka jioni, kila mmoja arudi na ushindi wake. Ndipo Limbu alipoomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu," mzee akasema kwa unyenyekevu, kofia kifuani. "Mimi ni mfugaji. Kiswahili nimekiokota barabarani. Naogopa kukosea maneno ya wazee wenu. Aliyeuliza ni Mwenyekiti, basi na atufasirie Mwenyekiti. Baba, limesema nijenge, au limesema nisijenge?"

Kilima chote kikamgeukia Jailos.

Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakukuwa na kitu ndani. Akisema "ujenge", Othmani yuko hapo mbele, na vijana wanne, na watu wote waliochangia Kamati ya Kulinda Jiwe. Hatashuka kilima kile na meno yake. Akisema "usijenge", miti ya mama. Akamtazama Apolonia. Apolonia alikuwa amesimama wima, anamngojea, ana fahari naye. Hiyo ndiyo iliyomuuma.

"Suala hili," Jailos akaanza, "linahitaji tuunde kamati ndogo..."

"Jibu!" umati ukanguruma.

Othmani alisimama. Vijana wanne wakasimama.

"Limesema..." jasho linamtoka kwenye baridi ile, koti hana. "Limesema usijenge."

Limbu aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa hukumu ya haki. "Nimekubali. Mimi si wa kushindana na jiwe. Sijengi. Naomba mtendaji aandike kwenye muhtasari kwamba ndivyo Mwenyekiti alivyofasiri, apige na muhuri."

Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Mtendaji akaandika, akapiga muhuri, akampa Limbu nakala, kisha akasema jambo ambalo katika kelele zile lilisikiwa na wachache: "Lakini nyie, mimi mezani kwangu sijawahi kupokea ombi la kujenga chochote hapa. Hata banda. Nilipokea barua ya kamati tu, mkiomba mkutano."

"Kwa hiyo siku zote hizi mmegombania nini?" Bibi Paskalina akauliza. Swali hilo hawakuwa wamelifikiria.

Jailos alimtafuta Limbu, kofia ilishateremka kilima. Akapiga simu, haikupokelewa. Usiku ule alijipa moyo, na mdomo wake ukamdanganya yeye mwenyewe vizuri kuliko ulivyowahi kumdanganya mtu. Miti haing'oki kwa siku moja, akajiambia. Kesho nitampeleka Apolonia ataiona, atakubali, na Jumatatu nitamtafuta mzee tuyamalize.

Jumapili wakapanda basi mpaka Mafinga, wakachukua gari dogo mpaka Igowole. Apolonia alivaa gauni lake la kanisani, amebeba kikapu cha wali na kuku, na chupa ya chai. Njia nzima alikuwa anauliza: miti mingapi? Mirefu? Mama aliipanda kwa mistari? Jailos akawa anajibu, na kwa mara moja katika maisha yake kila alichojibu kilikuwa kweli.

Harufu ya utomvu waliipata kabla hawajafika.

Ekari mbili za visiki, vyeupe, vibichi, kwa mistari. Mama alikuwa amepanda kwa mistari. Lori la magogo limejaa, na kijana mmoja anafunga kamba, chenso ya kukatia iko pembeni.

"Karibuni," kijana akasema. "Mimi Seni. Mnataka kuni? Matawi chukueni bure."

"Nani kawaambia mkate?" Jailos akauliza.

Seni akatoa karatasi mbili mfukoni. Moja yenye mwandiko mzuri wa uenyekiti, nyingine yenye muhuri wa jana. "Huyu anaitwa Jailos kampa mjomba Limbu. Hii ya muhuri tumeletewa jana jioni, ndiyo tulikuwa tunaisubiri kusafirishia. Kukata tulianza Alhamisi."

"Alhamisi! Mkutano ulikuwa jana!"

"Mjomba alisema hakuna haja ya kungoja. Anasema kila mji una jiwe lake na una mwenyekiti wake." Seni akakaza kamba. "Sasa hivi ameelekea Mbeya. Anataka kujenga hoteli ya ghorofa kumi na mbili chini ya mlima Loleza. Nasikia huko nako watu wameshaanza kugombana."

Wajinga ndio waliwao, Jailos alipenda sana kusema. Alikuwa hajawahi kuisema akiwa upande wa sahani.

Apolonia hakupiga kelele. Alizichukua zile karatasi, akazisoma zote mbili mpaka mwisho, akamrudishia Seni. Akatembea mpaka kwenye kisiki kimoja kikubwa, akakishika kwa kiganja, utomvu ukamganda.

"Hiki ndicho kilikuwa kitu chako cha halali?"

"Apolonia, nilitaka kukiongeza..."

"Mama yako alipanda. Wewe kazi yako ilikuwa moja tu, kuiacha isimame." Akajifuta utomvu kwenye gome. "Mabati tunayo, Jailos. Tutayabandika hewani?"

Mtu aliyeuza sauti ya jiwe mara mbili akainama kuokota matawi ya bure.

Apolonia alibeba kikapu chake na wali wake wote, akamwomba Seni lifti mpaka Mafinga, akapanda mbele ya lori. Jailos akakimbia, akashika mlango.

"Apolonia! Sasa... mimi na wewe? Nikuoe au basi?"

Apolonia alichungulia dirishani. Huko mjini sentensi ile ya jiwe ilikuwa imeshageuka wimbo, hata watoto walikuwa wanaiimba wakiruka kamba.

"Usinioe," akasema, "utajuta."

Lori likanguruma. Jailos akawa anakimbia nalo sambamba, shati limejaa upepo. "Umesemaje? Yaani nikuoe? Au nisikuoe? Apolonia!"

Apolonia akapandisha kioo mpaka kikabaki kidogo.

"Wewe si ndiye Mwenyekiti?" akasema. "Fasiri."